Sura ya Sita: Kura 1,410

Zambia ilipopiga kura tarehe 20 Januari 2015, mvua zilikuwa zimeshika kasi na Ziwa Mweru lilikuwa limefungwa. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali husimamisha uvuvi ili samaki wapate kuzaliana, na kwa miezi hiyo mitatu mji wa Kashikishi, wilayani Nchelenge, huishi kwa akiba. Mitumbwi huvutwa nchi kavu. Nyavu hushonwa. Mchanga ambako kwa kawaida huanikwa chisense, dagaa wadogo wa ziwa hili wanaovuliwa usiku kwa taa, hubaki mtupu. Pesa ikipungua mwaloni hupungua pia sokoni, kwenye duka la dawa, na kwenye nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Mtu anayeomba kura katika msimu kama huo anapaswa kuwa na jambo zito la kusema.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa dharura. Rais Michael Sata alifariki London tarehe 28 Oktoba 2014, na Katiba ilitaka mrithi apatikane ndani ya siku 90. Wagombea 11 wakajitokeza. Edgar Lungu alishinda kwa kura 807,925 dhidi ya 780,168 za Hakainde Hichilema, na kati ya watu waliojiandikisha ni asilimia 32 tu waliofika vituoni. Baadhi ya vituo vya mbali vililazimika kupiga kura siku zilizofuata kwa sababu mvua ilizuia vifaa visifike. Mkiani mwa orodha ya matokeo alikuwa Peter Sinkamba wa Green Party, kwa kura 1,410 katika nchi nzima.

Sinkamba alifahamika kwanza kama mtetezi wa mazingira. Akiwa Kitwe, katika Ukanda wa Shaba, aliongoza asasi iliyoshindana na migodi juu ya hewa na maji yaliyochafuliwa. Alipoingia kwenye siasa alikuja na hoja ambayo hakuna mgombea wa urais wa Zambia aliyewahi kuibeba hadharani kama yeye: bangi iruhusiwe kulimwa kwa leseni, itengenezwe dawa, na iuzwe nje. Shaba itakwisha, alisema, bei yake hupangwa na watu wengine, na uchafu wake hubaki kwetu; nchi inahitaji zao lingine. Hoja hiyo aliitoa katika nchi iliyotangazwa kuwa taifa la Kikristo mwaka 1991, ambako Tume ya Kupambana na Dawa za Kulevya hukamata wakulima wa bangi mwaka hadi mwaka. Mwaka 2016 aligombea tena akapata kura 4,515.

Lakini hoja yake ilishinda. Desemba 2019, kabla hata miaka mitano kutimia tangu zile kura 1,410, Baraza la Mawaziri la serikali ya Lungu lilikubali kimsingi bangi ilimwe kwa ajili ya dawa na kuuzwa nje, na msemaji wa serikali Dora Siliya akalitangazia taifa. Mwaka 2021 Bunge likapitisha Sheria ya Bangi, namba 33 ya mwaka huo, pamoja na ile ya katani ya viwandani, namba 34. Mgombea aliyekataliwa na karibu kila mpigakura aliona wazo lake likipigwa muhuri na serikali iliyomshinda.

Sura hii inafuatilia njia iliyopitiwa na wazo hilo, kwa sababu njia ya sheria huamua sheria itamfaa nani. Ninaamini kwamba dawa inayoingia nchini kwa mlango wa fedha, bila wagonjwa kusimama na kuieleza haja yao, hupita juu ya vichwa vyao. Mwambao wa Mweru ni mahali pazuri pa kulipima hilo.

Walivyofanya California

Anayesema leo "kampeni ya kura ya bangi ya dawa" anazungumzia, ajue asijue, jambo lililoanza San Francisco. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mji ule ulikuwa ukizika vijana kwa UKIMWI. Wagonjwa walikonda, walitapika dawa walizopewa, wakashindwa kula. Mama mmoja mtu mzima, Mary Jane Rathbun, aliyekuwa akijitolea kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI katika hospitali ya umma ya mji huo, aliwaokea keki za bangi ili wapate hamu ya chakula. Mwaka 1992 polisi walimkamata, na picha za bibi yule aliyevaa miwani zilifanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuweza kuifanya. Dennis Peron, ambaye mpenzi wake alikufa kwa ugonjwa huohuo mwaka 1990, alifungua klabu ambako wagonjwa walipata bangi bila kujificha.

Katiba ya California inamruhusu raia yeyote kuandika muswada, kukusanya sahihi, na kuupeleka moja kwa moja kwa wapigakura, hata kama gavana na wabunge hawautaki. Kwa mwaka 1996 zilihitajika sahihi zaidi ya 430,000. Zikapatikana. Agosti ya mwaka huo maofisa wa jimbo walivamia klabu ya Peron. Tarehe 5 Novemba wananchi wakapitisha Pendekezo la 215 kwa zaidi ya asilimia 55. Maandishi yake yaliwataja watu wenye maradhi makubwa tangu mistari ya mwanzo, na ndani yake mliorodheshwa saratani, UKIMWI, maumivu sugu na kukakamaa kwa misuli. Hakuna aliyeweza kuisoma sheria ile akasahau ilitungwa kwa ajili ya nani.

Njia hiyo nayo ina vizingiti. Florida mwaka 2014 asilimia 57 na ushee walisema ndiyo, lakini Katiba ya jimbo ilidai 60, pendekezo likaanguka. Wanakampeni walirudi tena, na mwaka 2016 wakapita kwa asilimia 71. 

Miaka hiyohiyo UKIMWI ulikuwa unazika watu Zambia pia, na miji ya wavuvi ni ya mwisho kusalimika na ugonjwa wa namna hiyo. Waliouguza ndugu zao Nchelenge waliona kukonda kulekule na kutapika kulekule. Walichokosa ni karatasi ya kura ya kulisemea jambo hilo.

Karatasi ya tano

Zambia haina utaratibu wa raia kuitisha kura ya maoni juu ya sheria ya kawaida. Kura ya maoni inatakiwa pale Sura ya Haki za Binadamu ya Katiba inapoguswa, na hata hapo serikali ndiyo inayoanzisha. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 11 Agosti 2016, siku ya uchaguzi mkuu. Jambo lile halikuhusu bangi, lakini yeyote anayetaka kufanya kampeni ya aina hii Zambia lazima alijue.

Siku ile mpigakura aliingia kwenye kibanda na karatasi tano: ya rais, ya mbunge, ya meya au mwenyekiti wa halmashauri, ya diwani, na ya kura ya maoni. Karatasi hii ya tano iliuliza swali moja lenye mambo mawili ndani yake: kama unakubali kupanua haki za binadamu, na hapohapo kubadili Ibara ya 79 inayoeleza jinsi Katiba inavyorekebishwa. Mtu aliyetaka moja na kuikataa nyingine hakuwa na pa kuweka alama. Haki zilizopendekezwa zilikuwa kubwa, na miongoni mwake ilikuwemo haki ya huduma ya afya. Lakini kampeni ilimezwa na ushindani wa vyama: chama tawala kilihimiza ndiyo, chama kikuu cha upinzani kilihimiza hapana, na swali lenyewe likageuka kuwa kura nyingine ya rais.

Matokeo yalikuwa asilimia 71 ndiyo, na pendekezo likafa. Sheria ilitaka nusu ya watu wote wenye sifa ya kupiga kura wajitokeze, na waliojitokeza walikuwa asilimia 44. Kura zaidi ya laki saba ziliharibika. Yaani haki ya afya iliungwa mkono na wengi wa waliopiga kura halali, ikazikwa na hesabu ya mahudhurio, kwa sababu karatasi ya tano haikuelezwa vya kutosha kama jambo linalosimama peke yake.

Basi ukitaka kubadili sheria ya dawa Zambia, unabaki na milango mitatu. Unaweza kugombea, kama Sinkamba. Unaweza kuwashawishi mawaziri. Au unaweza kutumia Ibara ya 88 ya Katiba, inayompa raia haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Mlango wa tatu nitaurudia, kwa sababu mpaka leo ndio unaoweza kufunguliwa na mtu wa Kashikishi.

Mlango wa fedha

Bangi ya dawa iliingia Zambia kwa mlango wa pili. Ukitazama mwaka 2019 utaelewa kwa nini. Nchi ilikuwa imelemewa na madeni. Novemba 2020 ilishindwa kulipa riba ya hati zake za mkopo za kimataifa, ikawa ya kwanza Afrika kushindwa kulipa katika kipindi cha janga la korona. Serikali yenye kiu ya dola ilimsikia Sinkamba alipotaja mabilioni. Habari ya mgonjwa ilikuwepo kwenye maneno, lakini uzito ulikuwa kwenye mauzo ya nje.

Nchi nyingine za Afrika nazo zilikuwa zikipita njia hiyo. Lesotho ilitoa leseni mwaka 2017, ikawa ya kwanza barani. Zimbabwe ilifuata Aprili 2018 na kuweka ada ya leseni ya dola 50,000. Malawi ilipitisha sheria yake Februari 2020. Rwanda iliruhusu Oktoba 2020 na kueleza wazi kwamba zao ni la kuuza nje, matumizi ya ndani yabaki marufuku. Desemba ya mwaka huo Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi kwenye kundi la dawa zilizobanwa kuliko zote chini ya Mkataba wa 1961 wa kudhibiti dawa za kulevya, kundi ambamo ilikuwa imewekwa pamoja na heroini. Kila serikali ikaona soko linafunguka.

Soko hilo halimwiti mkulima wa jembe la mkono. Mnunuzi wa Ulaya anataka maua yaliyokuzwa katika mazingira yasiyobadilika, yaliyopimwa maabara kila shehena, yaliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa viwango vya kiwanda cha dawa. Mkataba wa 1961 unaitaka serikali iwe na chombo cha kusimamia, iteue maeneo ya kulima, na ijue kila kilo inakokwenda. Hayo yanamaanisha uzio, walinzi, umeme usiokatika, wataalamu, na mtaji wa kusubiri miaka kabla ya kuuza gramu ya kwanza. Sheria ya Zambia ya 2021 inasimamia kulima, kutengeneza, kuhifadhi, kusambaza, kuingiza na kutoa nje bangi kwa ajili ya dawa, sayansi na utafiti, vyote kwa leseni. Asiye na leseni anabaki mhalifu kama alivyokuwa. Mvuvi wa Nchelenge anayeotesha miche michache nyuma ya muhogo hakuongezewa wala kupunguziwa chochote na sheria hiyo.

Siilaumu sheria kwa kuwa na masharti. Dawa isiyopimwa ni hatari, na bangi inayovutwa na kijana kila siku humharibia masomo na akili. Wazazi na wachungaji wanaolisema hilo wanasema kweli na wanastahili kusikilizwa. Ninachokidai ni kwamba sheria yenye neno "dawa" ndani yake ipimwe kwa kipimo cha dawa: nani anaumwa, na je, imemfikia?

Mbunge aliyekuwa mgonjwa

Kenya ilipata kuona sura mbili za kampeni hii. Septemba 2018 Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alimwandikia Spika akiomba msaada wa kuandaa muswada wa kudhibiti bangi, ukigusa tiba, utafiti na wakulima. Miezi michache baadaye alitangaza kwamba yeye mwenyewe ana saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa. Tarehe 26 Julai 2019 alifariki, akiwa na umri wa miaka 41, na muswada haukupata mtu wa kuubeba hadi mwisho.

Miaka mitatu baadaye Profesa George Wajackoyah aligombea urais kwa Roots Party akiahidi kwamba bangi itaifutia Kenya madeni yake. Mikutano yake ilijaa, vijana walicheka na kushangilia, magazeti ya nje yalikuja. Tarehe 9 Agosti 2022 alipata kura 61,969, chini ya nusu asilimia. Kwenye mikutano ile mgonjwa wa saratani hakuwa na nafasi. Waliokuwepo ni dola na deni.

Tofauti ya watu hawa wawili ndiyo tofauti ninayoizungumzia. Okoth alizungumza kama mtu anayejua kitanda cha hospitali. Wajackoyah alizungumza kama waziri wa fedha. Serikali nyingi za Afrika zimefuata sauti ya pili, na ndiyo maana tuna sheria za bangi ya dawa katika nchi ambazo mgonjwa wake hajawahi kuandikiwa dawa hiyo.

Degedege, kifafa na kidonge cheupe

Tuangalie sasa ni nani hasa anayeumwa Nchelenge.

Wilaya hii ni miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi kuliko zote Zambia. Mito midogo na mabwawa yanayoingia ziwani huzalisha mbu aina ya funestus, mkaidi mbele ya dawa za kunyunyizia zilizozoeleka, na ugonjwa haupumziki hata kiangazi. Watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wamefanya kazi hapa kwa miaka kwa sababu hiyo. Malaria ikipanda kichwani mtoto hupata degedege na kupoteza fahamu. Wengi hupona kabisa. Baadhi hubaki na jeraha ndani ya ubongo, na jeraha hilo, miezi au miaka baadaye, huzaa kifafa.

Kifafa katika mji wa wavuvi ni ugonjwa wenye hatari zake. Mtu akianguka akiwa kwenye mtumbwi anazama. Akianguka karibu na jiko la mkaa au moto wa kukaushia samaki anaungua. Mtoto mwenye kifafa hutengwa darasani kwa kuogopa mate yake, ingawa kifafa hakiambukizi. Binti hakosi kuambiwa hataolewa. Familia huenda kwa mganga, halafu kwa maombi, halafu zahanati, kwa utaratibu huo au kinyume chake.

Hapa ndipo bangi ya dawa inapogusa ufukwe wa Mweru, kwa sababu kifafa cha watoto ndicho ugonjwa ambao ushahidi wake uko imara kuliko mwingine. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji inayotokana na kanabidioli, kemikali ya bangi isiyolevya, kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni. Ilikuwa ushindi wa kweli kwa wazazi walioomba kwa miaka. Bei yake ilipotoka ilikuwa kama dola 32,500 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja.

Weka pembeni ya dawa hiyo kidonge kidogo cheupe cha fenobabitali. Humezwa mara moja kwa siku, jioni kabla ya kulala. Kimetumika kwa zaidi ya karne. Shirika la Afya Duniani linasema matibabu ya kifafa kwa dawa za kawaida yanaweza kugharimu hata dola 5 kwa mwaka, na kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Shirika hilohilo linasema robo tatu ya wagonjwa wa kifafa katika nchi maskini hawapati matibabu wanayohitaji.

Zambia ilionyesha mojawapo ya sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliokagua maduka na vituo vya dawa katika sehemu kadhaa za nchi, ulikuta karibu nusu hawana dawa yoyote ya kifafa, na dawa ya maji ya watoto haikupatikana popote walipokagua. Wauza dawa walitaja masharti ya udhibiti yaliyokuwa yamekazwa kuwa kizuizi. Fenobabitali ni dawa ya kudhibitiwa kimataifa, chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971. Inahitaji daftari, kibali na ukaguzi, na muuzaji mdogo akiona usumbufu huo anaona afadhali asiiuze.

Fikiria mama anayeishi kisiwa cha Kilwa, upande wa Zambia wa ziwa. Dawa ya mwanawe imekwisha. Anasubiri boti, anasubiri upepo utulie, analipa nauli, anavuka hadi Kashikishi. Akiikosa, anarudi mikono mitupu, na dawa hii ikikatishwa ghafla mtoto huweza kupata mfululizo wa degedege ulio mbaya kuliko wa awali. Kwa mama huyu sheria namba 33 ya 2021 ni habari ya mbali sana. Dawa ya dola 5 iliyoruhusiwa tangu zamani haijamfikia. Ya dola 32,500 itamfikiaje?

Sisemi bangi ya dawa haina maana kwake. Nasema inapita mlango uleule wa fenobabitali: mlango wa dawa zinazodhibitiwa. Ukiufungua kwa moja umeufungua kwa zote.

Mfano wa Kampala

Mlango huo umewahi kufunguliwa katika ukanda wetu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Wagonjwa wa saratani na UKIMWI walikuwa wakifa kwa maumivu kwa sababu mofini, iliyo chini ya Mkataba uleule wa 1961 na bangi, ilikuwa haipatikani. Hospice ilichukua unga wa mofini, ikauchanganya na maji na kuutia rangi ili nguvu ya kila chupa ijulikane kwa kuitazama. Mgonjwa alikunywa nyumbani kwake.

Kisha Uganda ikafanya jambo ambalo lilikuwa halijafanyika sehemu nyingi duniani. Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuandika mofini, kwa kuwa madaktari vijijini ni wachache mno. Serikali ikaitoa bure. Mofini haikumwagika mitaani. Wagonjwa walilala usingizi.

Hatua ile haikuhitaji kura ya maoni. Ilihitaji watu waliokuwa wamekaa kando ya vitanda, wakajua hasa kanuni ipi inazuia dawa ipi, na wakaing'ang'ania wizara hadi neno moja kwenye kanuni likabadilika: nani anaruhusiwa kuandika. Kampeni ya bangi ya dawa ikijifunza hapo, itajua kwamba ushindi wake si siku Rais anaposaini. Ni siku muuguzi wa zahanati ya ufukweni anapofungua kabati na kukuta dawa imo.

Maombi kutoka ufukweni

Nirudi kwenye Ibara ya 88. Raia wa Zambia ana haki ya kuliomba Bunge. Hahitaji kuwa mgombea, wala kuwa na kampuni, wala kusubiri uchaguzi. Watu wa Nchelenge wanaweza kuandika maombi yao, na ningependa kuyaona yakiwa na mambo haya.

Kwanza, dawa za kifafa na za maumivu ziwe na hesabu yake katika kila wilaya, na zisikatike. Wizara itangaze hadharani kila robo mwaka ni kituo gani kiliishiwa na kwa siku ngapi. Pili, wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa waruhusiwe kuandika dawa hizo, kama Uganda ilivyofanya kwa mofini, kwa sababu visiwani hakuna daktari wa kumsubiri. Tatu, kila mwenye leseni ya bangi ya dawa, awe raia au mwekezaji, atenge sehemu ya mazao yake kwa dawa ya ndani, iliyopimwa na mamlaka ya dawa ya Zambia na kuuzwa kwa bei ambayo hospitali ya wilaya inaweza kuimudu. Sharti hili likiwekwa kwenye leseni tangu mwanzo halimfukuzi mwekezaji. Likiongezwa baadaye atalipinga. Nne, kwenye kamati zinazosimamia sheria hii wakae mzazi wa mtoto mwenye kifafa na mtu aliyeugua saratani, wenye haki ya kupiga kura ndani ya kamati. Tano, vita dhidi ya malaria Nchelenge ihesabiwe kuwa ni kinga ya kifafa na ipewe fedha kwa hesabu hiyo, maana kila degedege linalozuilika huenda ni mgonjwa mmoja pungufu wa maisha yake yote.

Kuyakusanyia sahihi maombi kama haya Kashikishi ni kazi inayowezekana. Kuna soko ambalo kila mtu hupita. Kuna makanisa, na wachungaji wanaohubiri dhidi ya ulevi wanaweza kuombwa wasome maandishi haya kabla ya kuyakataa, kwani hakuna mstari unaotetea ulevi. Kuna machifu, ambao neno lao hufika visiwani kabla ya gazeti. Kuna wakati wa ziwa kufungwa, ambapo wavuvi wako nyumbani na wana nafasi ya kukaa na kujadiliana. Mwanakampeni awaeleze watu ukweli: kwamba kuvuta bangi hakuponyi kifafa, kwamba dawa inayotokana nayo ni kitu kingine, kwamba dawa ya kwanza ya mtoto wao ni ile ya dola 5, na kwamba sheria iliyopo iliandikwa bila wao.

Sinkamba alithibitisha kwamba hoja inaweza kushindwa kwenye sanduku la kura na bado ikafika Ikulu. Funzo hilo ni la kutia moyo, na ni onyo pia. Hoja yake ilifika ikiwa imeshikwa na watu wa fedha, na wao wakaiandika kwa mahitaji yao. Hoja ya mgonjwa itafika ikiwa na mahitaji ya mgonjwa pale tu yeye na wanaomuuguza watakapoiandika wenyewe, neno kwa neno, na kuipeleka Lusaka kwa majina yao. Na mbunge yeyote atakayekuja mwambao wa Mweru kuomba kura aulizwe mbele ya watu kama atayasimamia maombi hayo bungeni, na jibu lake liwekwe kwenye maandishi.